Kabla Hamjalipia Ukumbi: Ushauri kwa Kamati za Mikutano ya Vyama vya Kitaaluma

Swali hili hurudi kila mwaka. Huulizwa na makatibu wa vyama vya wauguzi, wahasibu, wahandisi, walimu, wakutubi: "Mkutano mkuu ujao tuupeleke wapi?" Wengi huuliza wakiwa wameshakusanya profoma za hoteli mbili tatu, na wanachotaka ni mtu wa kuwaambia ipi ina unafuu. Mimi huwarudishia swali jingine: mkichagua hapo, ni nani kati ya wanachama wenu hatafika?

Mahali ndipo panapoamua nani atakaa ukumbini. Mkiupeleka mkutano kwenye hoteli ya ufukweni iliyo mbali na mji, muuguzi anayejilipia nauli kutoka Sumbawanga mmeshamwondoa. Mkichagua ukumbi wa ghorofa ya pili usio na lifti, mwenzenu anayetumia kiti mwendo mmeshamwondoa, hata kama barua ya mwaliko mmemwandikia kwa heshima zote. Hakuna aliyepiga kura ya kuwafukuza. Wanakosekana tu, na mwaka unaofuata hata fomu hawajazi.

Nitafuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kikao cha kwanza cha kamati ya maandalizi hadi siku ya kuondoka.

## Fungueni rejista kabla ya kufungua profoma

Chukueni orodha ya wanachama mtazame mambo haya:

- Wako mikoa gani, na wangapi wako mbali na barabara kuu au uwanja wa ndege.
- Nani analipiwa na mwajiri na nani anajilipia. Mtumishi wa halmashauri anayesubiri posho itoke na daktari mwenye kliniki yake hawaioni bei ya chumba kwa jicho moja.
- Nani alikuwa akihudhuria akaacha. Wapigieni simu baadhi yao, muulize kwa upole kilichowakwaza. Simu hizo zitawafundisha zaidi ya vikao vingi.

Kisha tumeni fomu fupi, miezi sita kabla ya mkutano. Msiulize "Una ulemavu gani?" Swali hilo linamfanya mtu ajieleze mbele ya wasiomjua, na wengi huliruka. Ulizeni: "Ungehitaji nini ili ushiriki vizuri?" Wekeni visanduku vya kutia alama:

- njia isiyo na ngazi, na chumba cha kulala cha chini au kinachofikika kwa lifti
- mkalimani wa lugha ya alama
- makabrasha kwa maandishi makubwa, kwa nukta nundu, au faili linaloweza kusomwa na kompyuta
- kuja na msaidizi (msaidizi asitozwe ada ya ushiriki)
- chumba cha kunyonyeshea, au kuja na mtoto na yaya
- chakula cha pekee kwa sababu za afya au dini
- jambo jingine lolote, na nafasi ya kuliandika

Majibu yafike kwa mtu mmoja au wawili tu. Kamati nyingi hupiga picha orodha ya majibu na kuitupia kwenye kundi la WhatsApp "ili wote tujue". Siri ya mtu ikishatoka hivyo, hatawajibu tena kwa ukweli.

Hapa ndipo husikika hoja ninayoijua kwa moyo: "Sisi hatuna mwanachama mwenye ulemavu." Mnao, ila hamjawauliza. Yupo anayesikia kwa sikio moja na hukaa kiti cha mbele kila mara. Yupo mwenye uoni hafifu anayesoma slaidi kwa kupiga picha na kuikuza kwenye simu. Yupo mstaafu ambaye magoti hayamruhusu kupanda ngazi, mama mwenye ujauzito wa miezi saba, kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda mwezi jana. Na kama kweli hamna hata mmoja, jiulizeni kumbi zenu za miaka iliyopita zilikuwaje.

## Mji kwanza, ukumbi baadaye

Hesabuni safari nzima, kutoka mlangoni kwa mwanachama hadi mlango wa ukumbi. Kamati huhesabu nauli ya basi kubwa, zikasahau bajaji ya alfajiri, gesti ya usiku mmoja njiani, na teksi ya kutoka stendi. Kwa anayejilipia, hivyo vidogo ndivyo vinavyomaliza fedha.

Dodoma. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi huko katikati ya mwaka 2024, safari kutoka Dar es Salaam ambayo kwa basi hula karibu siku nzima imekuwa ya saa nne au pungufu. Dodoma iko katikati ya nchi, na kwa watu wa Singida, Tabora na Iringa ni nafuu kuliko pwani. Tatizo ni Bunge la bajeti. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni mji hujaa wabunge, maofisa wa wizara na wageni wao. Vyumba huwa adimu na bei hupanda. Chama kinachoitisha mkutano Dodoma mwezi Mei kimewaandalia wanachama wake kazi ya kutafuta gesti pembezoni mwa mji usiku.

Arusha. Mji umezoea mikutano. Jengo la AICC lilijengwa miaka ya 1970 kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na tangu 1978 limekuwa kituo cha mikutano. Wenyeji wanajua kazi: mafundi sauti wapo, wakalimani wapo, hoteli za kila bei zipo. Angalieni mambo mawili. Uwanja wa ndege wa KIA uko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka mjini, kwa hiyo basi la chama la kupokea wageni ni lazima. Na kuanzia Juni hadi Septemba mnagombea vyumba na watalii. Waambieni pia watu wa pwani waje na masweta. Baridi ya Julai huwaadhibu wazee.

Mwanza. Kwa watu wa Geita, Chato na Bukoba, kivuko cha Busisi kilikuwa kero ya miaka mingi, nalo daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 safari yao ilibadilika. Chama chenye wanachama wengi Kanda ya Ziwa sasa kina sababu nzuri ya kwenda huko. Ila Mwanza ni mji wa milima na miamba. Hoteli nyingi zimejengwa kwenye mwinuko, na njia ya kutoka getini hadi mapokezi yaweza kuwa kikwazo kikubwa kuliko ukumbi wenyewe.

Dar es Salaam. Mabasi ya kila mkoa yanafika, ndege zipo, hospitali za rufaa zipo. Adui ni foleni. Chagueni ukumbi ulio jirani na malazi ya bei tofauti, mtu aweze kutembea kwa mguu, au uwe karibu na kituo cha mwendokasi. Hoteli moja ya kifahari iliyojitenga, isiyo na mama lishe wala duka karibu, inamlazimisha kila mtu kula kwa bei ya hoteli asubuhi na jioni.

Mbeya nitaitaja kwa kifupi: ina uwanja wa ndege wa Songwe, reli ya TAZARA na barabara ya Tunduma, na kwa chama chenye wenzao wa Zambia au Malawi ni chaguo ambalo kamati nyingi hulisahau bure.

Kuzungusha mkutano kwa kanda ni haki, na naunga mkono. Lakini zamu isiwe sababu ya kupokea ukumbi wowote. Kanda ambayo zamu yake inakuja iambiwe miaka miwili kabla vigezo ni vipi. Ikishindwa kupata ukumbi unaofaa, mkutano ufanyike mji wa jirani huku kanda hiyo ikibaki mwenyeji.

## Na Zanzibar je?

Kila kamati ina mjumbe anayetaka Zanzibar, na simlaumu. Mahali ni pazuri na wageni wa nje huvutika kuja. Basi ipimeni kama mnavyopima pengine.

Boti ya haraka kutoka Dar es Salaam huchukua saa mbili hivi. Shida iko bandarini. Daraja la kupandia chomboni hulala au kuinama kufuatana na maji: yakijaa unavuka karibu sawasawa, yakitoka unateremka mteremko mkali wenye watu wanaosukumana na mizigo kichwani. Kwa mwenye kiti mwendo, magongo au fimbo nyeupe, tofauti hiyo ni kubwa. Zungumzeni na kampuni ya boti mapema ili wenzenu hao wapandishwe kwanza, kabla geti halijafunguliwa kwa wote. Au wakatieni tiketi za ndege, na gharama ibebwe na chama kizima.

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, una vichochoro ambavyo gari halipiti. Hoteli zake nyingi ni nyumba za kale: milango yenye vizingiti virefu, ngazi nyembamba za kusimama wima, vyumba bora viko juu kabisa. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo sababu pasiwe pa kulaza washiriki mia tatu. Tafuteni hoteli mpya nje ya Mji Mkongwe, kwenye ardhi tambarare, kisha pangeni matembezi ya jioni yenye njia fupi ya tambarare kwa wanaoihitaji.

Hoteli za Nungwi na Paje zina mchanga kila upande. Magurudumu ya kiti hayaendi kwenye mchanga. Chakula cha jioni ufukweni, ambacho kila meneja masoko atawapigia debe, kinawaacha wenzenu wakiwatazama kutoka kwenye sakafu ya mwisho.

Rai yangu: kwa semina ya watu wachache wanaolipiwa, Zanzibar inafaa sana. Kwa mkutano mkuu wa chama chenye watu wengi wanaojilipia, iwe mara moja moja, na taarifa itoke mwaka mzima kabla.

## Mkutano wa kuvuka mpaka

Vyama vya kikanda vina kazi zaidi. Nairobi ina kituo cha mikutano cha KICC tangu 1973 na ndege nyingi. Kigali ina kituo chake cha mikutano tangu 2016, na mwaka 2023 Rwanda ilitangaza kuwa Waafrika wote wanaingia bila viza. Kwa chama chenye watu wa Goma, Bujumbura, Kampala na Lusaka, hilo pekee linaweza kuamua.

Kabla ya kupiga kura, tengenezeni jedwali dogo: kila nchi ya wanachama, na mbele yake viza, muda wa kuipata, ada yake, na hati inayotakiwa mpakani. Wakumbusheni watu cheti cha homa ya manjano. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayekwenda kuchanja siku mbili kabla ya safari anaweza kukwama mpakani. Aliyechanja zamani cheti chake sasa ni cha maisha.

Jambo jingine: Lugha ya Alama ya Tanzania na ile ya Kenya ni lugha mbili tofauti. Mkalimani mzuri wa Nairobi hatamtosheleza mshiriki kiziwi kutoka Tabora.

## Tarehe nayo hufunga milango

- Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Tazameni kalenda ya mwaka wa mkutano, msitegemee kumbukumbu ya mwaka jana. Idi iwe mbali na siku ya kusafiri.
- Ijumaa, acheni nafasi kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane mchana. Msiseme tu "watakaotaka kuswali watatoka", kwani watarudi wakute maazimio yamepitishwa.
- Jumamosi, Wasabato hawatakuja. Chama chenye watu wengi wa Mara, Upareni au Kisii kisiweke uchaguzi siku hiyo.
- Masika. Kuanzia Machi hadi Mei barabara si za kuaminika. Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, na watu wa kusini wakakwama.
- Kalenda ya kazi. Wahasibu wa serikali wanafunga mwaka wa fedha Juni 30. Walimu wana mitihani. Ulizeni.

## Siku ya kwenda kukagua

Hapa ndipo nataka mtumie nguvu zenu nyingi. Ukimpigia simu ofisa masoko wa hoteli ukamwuliza kama ukumbi unafikika na watu wenye ulemavu, atajibu "Ndiyo, tuna huduma zote." Hadanganyi kwa makusudi. Yeye anatembea kwa miguu yake, na vikwazo havioni. Nendeni wenyewe, na mwende na:

- futi kamba
- kiti mwendo, hata cha kuazima
- mwenzenu anayekitumia kila siku, mkimlipa nauli na muda wake kama mnavyomlipa mtaalamu yeyote

Huyo wa tatu ndiye muhimu. Mtu anayeketi kwenye kiti cha kuazima kwa nusu saa huona mlango mwembamba; aliyekizoea huona zulia nene litakalomchosha mikono, kokoto za maegesho, kizingiti cha sentimita mbili, na meza ya mapokezi iliyo juu ya kichwa chake. Nendeni siku ukumbi una shughuli ya watu wengine, si asubuhi ukiwa mtupu.

Ombeni kuona choo cha watu wenye ulemavu. Mlangoni pana alama nzuri ya bluu. Mlango umefungwa. Ufunguo uko kwa mhudumu wa usafi, naye zamu yake imekwisha. Dakika kadhaa baadaye unapatikana ufunguo wa akiba, mlango unafunguliwa: ndani mna ndoo, mafagio, katoni za sabuni, na kiti kilichovunjika mguu kimeegemezwa kwenye chuma cha kushikilia. Hali hii imeenea mno, na meneja mwenyewe mara nyingi huwa hajui. Mwambieni mbele ya choo hicho hicho kwamba chumba kiwe kitupu, safi na bila kufuli siku zote za mkutano, mkaiandike ahadi yake.

Kisha pimeni:

- Milango. Nafasi ya kupita isipungue sentimita 80, na 90 ndiyo bora. Pimeni mlango ukiwa wazi, kutoka ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Milango ya ukumbi kwa kawaida haina tabu. Ya vyoo na bafu za vyumbani ndiyo inayowanasa watu.
- Mteremko. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo zinahitaji mteremko wa mita 5.4. Mbao mbili zilizolazwa juu ya ngazi ni mtego.
- Choo. Kiwe cha kukaa, na nafasi ya kugeuzia kiti ya sentimita 150 kwa 150. Mlango ufunguke kwa nje.
- Lifti. Aingie mwenye kiti na msaidizi wake, mlango ufungwe. Halafu ulizeni: umeme ukikatika, jenereta inawasha lifti au taa tu? Mwombeni fundi aizime swichi kuu, mwone. Akikataa kuizima, mmeshapata jibu.
- Jukwaa. Karibu kila ukumbi una ngazi za kupanda jukwaani na hauna mteremko. Mtoa mada mwenye kiti mwendo atasemea chini wakati wenzake wako juu. Jukwaa liwe na mteremko, au wote wakae chini kwa usawa.
- Vyumba vya kulala. Hoteli ikisema ina vyumba viwili vinavyofaa, fungueni vyote viwili. Bafu lenye beseni refu la kuogea au ukingo wa kuruka halifai.
- Getini. Walinzi wa hoteli kubwa huzuia bodaboda na bajaji nje. Mwanachama aliyekuja kwa bodaboda asitembezwe juani mita mia tatu na begi lake. Kwa mwenye ualbino, jua hilo lina madhara ya kweli.
- Usiku. Tembeeni kutoka ukumbini hadi kwenye gesti za bei nafuu zilizo jirani, baada ya saa moja jioni. Kama ninyi wenyewe mnaharakisha hatua kwa sababu ya giza, wanachama wenu wanawake hawatabaki kwa kipindi cha jioni.

Onyo moja nalisema kwa nguvu zote. Meneja akisema "Vijana wetu wapo, watambeba", ukumbi huo umeshindwa. Kumbeba mtu mzima ngazini ni hatari kwake na kwa wabebaji, na hakuna msomi anayestahili kuingizwa kwenye mkutano wa fani yake akiwa mikononi mwa watu asiowajua. Wala msione haya kudai. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ni ya mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo, ibara ya 54, inataja haki ya kufika mahali, usafiri na habari.

## Sauti, mwanga na lugha

Ukumbi wenye kuta tupu na dari refu hurudisha mwangwi, na anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia huambulia kelele. Jaribuni kipaza sauti mkiwa mmekaa kiti cha nyuma kabisa. Na mpige marufuku ile kauli ya "sauti yangu inatosha, sihitaji kipaza sauti". Hata maswali kutoka kwa washiriki yaulizwe kwa kipaza sauti.

Wakalimani wa lugha ya alama wanafanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Kumwajiri mmoja kwa siku nzima ni kumwonea yeye na kumnyima kiziwi habari za mchana. Wekeni mwanga usoni pao hata taa zinapozimwa kwa ajili ya projekta, na wapeni hotuba na slaidi siku chache kabla, hasa penye istilahi za fani. CHAVITA, chama cha viziwi, watawaelekeza wapi pa kuwapata. Kwa mambo mengine anzeni na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu.

## Chakula, sala, watoto

Chumba cha sala kiwe na maji ya kutawadhia karibu, na kisiwe stoo ya viti. Chakula cha halali kipikwe na kipakuliwe kwa vyombo vyake. Kuwe na chai isiyotiwa sukari tayari, kwa ajili ya wenye kisukari. Meza ya kujipakulia iwe na mhudumu wa kumsaidia asiyeona au asiyefika juu.

Mama anayenyonyesha anahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, kiti cha kuegemea, soketi na friji ndogo. Akija na yaya, yaya ale. Ni gharama ndogo mno, na bila hiyo mnawakosa wanawake vijana katika miaka wanayohitaji chama zaidi.

## Yaingie kwenye mkataba

Ahadi za mdomo huondoka na meneja akihamishwa. Kabla ya kulipa malipo ya awali, mkataba utaje:

- jina la ukumbi na ghorofa yake, na kwamba haubadilishwi bila idhini yenu ya maandishi (harusi kubwa ikitokea, mikutano huhamishwa)
- idadi ya vyumba vinavyofikika vilivyoshikwa kwa ajili yenu, na tarehe ya mwisho ya kuviachia
- matengenezo waliyoahidi, na siku mtakayorudi kuyaona
- jenereta inayowasha lifti
- kiasi kitakachopunguzwa kwenye ankara jambo mojawapo likikosekana

Kifungu cha mwisho ndicho kinachofanya vingine vitekelezwe.

## Mnayonijibu

"Bajeti haitoshi." Choo kuondolewa mafagio hakugharimu kitu. Ukumbi wa chini badala ya wa juu haugharimu kitu. Vinavyogharimu ni wakalimani, usafiri na nukta nundu. Viingizeni kwenye bajeti tangu mwanzo, kama mnavyoingiza mabegi na fulana. Fedha zikipungua, punguzeni fulana.

"Watafuatilia kwa Zoom." Mtandao ni msaada mzuri kwa asiyeweza kusafiri, na naomba kila chama kiwe nao. Lakini anayetaka kuja asielekezwe kwenye simu yake kwa sababu mlango ni mwembamba. Kazi, utafiti wa pamoja na uongozi wa chama hupatikana kwenye meza ya chai.

"Ni ukumbi pekee mjini." Mmetazama vyuo vikuu, vyuo vya ualimu, kumbi za halmashauri, kumbi za makanisa na za taasisi za Kiislamu? Nyingi ziko chini, ni pana, zina maegesho, na bei yake ni sehemu tu ya bei ya hoteli. Ulizeni mapema kuhusu vyoo na jenereta, na wapishi mtawaleta wenyewe.

"Mwenyekiti ameshaahidi." Mpelekeni aende na futi kamba.

## Wiki mbili za mwisho

Rudini ukumbini na mkataba mkononi. Watumieni washiriki wote maelezo ya njia: stendi au stesheni ipi, nauli halali ya bajaji, ngazi ziko wapi, choo kiko wapi, namba ya simu ya mtu atakayepokea hata usiku. Semeni ukweli hata penye upungufu, ili mtu ajipange au aulize. Mteueni mjumbe mmoja ambaye kazi yake pekee, siku zote za mkutano, ni kushughulikia mahitaji hayo. Asiwe katibu, maana katibu hatakuwa na dakika moja.

Siku ya mwisho, kabla mabasi hayajaondoka, zungumzeni na kila aliyetaja hitaji kwenye fomu. Wiki inayofuata wapigieni waliojisajili wasifike. Andikeni yote kwenye karatasi mbili tatu, pamoja na vipimo vya milango, jina la hoteli na simu ya fundi wake wa umeme, mkabidhi kamati ya mwaka ujao siku ile ile wanapokabidhiwa mhuri.